Friji ya Leba: Kisa cha Vitivo Vitatu vya Afya Vilivyotafiti na Kufundisha Pamoja

Mipaka ya kisa hiki

Kisa kilitokea Tanzania Bara. Kinahusu vitivo vitatu vya afya kutoka vyuo vikuu viwili: kitivo cha tiba na kitivo cha uuguzi na ukunga katika chuo cha kwanza, na kitivo cha famasia katika chuo cha pili. Vilikubaliana kufanya utafiti mmoja, na papo hapo kufundisha wanafunzi wao pamoja, katika leba ya hospitali moja ya wilaya. Majina ya vyuo, hospitali, mkoa na miaka nimeyaondoa. Tarakimu za matokeo yetu nazo siziweki, kwa sababu mtu wa fani akiziona atajua mara moja ni wapi panapozungumziwa.

Mimi nilikuwa mratibu, nikitokea upande wa uuguzi na ukunga. Msomaji alijue hilo mapema, maana nitakapofika kwenye ugomvi wa majina ya waandishi nitakuwa naeleza nikiwa mmoja wa walioachwa nje.

Usuli

Hospitali hiyo ilikuwa ikipokea wanafunzi wa vitivo vyote vitatu kwa miaka mingi, ila kila kundi kivyake. Wanafunzi wa udaktari walifuata raundi ya asubuhi na daktari wao. Wa ukunga walikuwa na mwalimu wao na daftari lao la kusainiwa. Wa famasia walishinda kwenye dirisha la dawa na stoo, na wengi walimaliza wiki zao bila kuvuka mlango wa wodi ya wazazi. Mama aliyelazwa alihudumiwa na fani zote tatu, lakini watakaokuwa wahudumu wake kesho walikuwa hawajawahi kusimama pamoja mbele ya kitanda kimoja.

Tatizo tulilochagua ni kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wanawake wapatao milioni 14 hupatwa na hali hiyo kila mwaka duniani, na karibu 70,000 hufariki. Kipimo kilichozoeleka ni damu ya mililita 500 au zaidi ndani ya saa 24. Ugumu uko kwenye kuipima. Aliyewahi kufanya kazi katika leba zetu anajua inavyofanyika: mama amekuja na kanga zake, mkunga anaangalia kanga imelowa kiasi gani, anatupia jicho kilichomo kwenye beseni na kilichotuama juu ya mpira wa kitanda, kisha anaandika namba kwenye faili. Namba hiyo ni ya kukisia, na macho hukisia pungufu, hasa damu inapokuwa nyingi.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukahusisha wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Mama aliwekewa chini yake mfuko wa plastiki wenye alama za ujazo, na damu ilipozidi alipewa matibabu yote kwa mkupuo: kusuguliwa tumbo ili mfuko wa uzazi ujikaze, oksitosini (dawa ya kuukaza mfuko huo), asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda), dripu, na kuchunguzwa chanzo. Hapo awali tiba hizo zilikuwa zikitolewa moja, watu wakisubiri, kisha nyingine. Kwa mkupuo huo, jumla ya wanawake waliotokwa na damu kali, waliopasuliwa kwa sababu yake au waliofariki kwayo ilipungua kwa asilimia 60. Swali letu lilikuwa dogo zaidi: mfuko huo na matibabu hayo yakifika kwenye hospitali ya wilaya kama hii, kitakachoyakwamisha ni nini?

Miezi ya hati

Hati ya makubaliano ilisainiwa kwa sherehe, picha zikapigwa, bango likatundikwa. Baada ya hapo muhula mzima ukapita bila mwanafunzi hata mmoja kufika leba.

Kilichotukwamisha ni almanaki. Wanafunzi wa tiba walikaa wodi ya wazazi kwa wiki nane mfululizo. Wa ukunga walikwenda siku tatu kwa wiki, siku nyingine wako darasani. Wa famasia walitoka kwa mafunzo ya vitendo wakati wa likizo ndefu, ambapo wengine wote walikuwa nyumbani. Hakuna aliyeliona hilo kabla ya kusaini, maana waliokaa mezani walikuwa wakuu wa vitivo, na ratiba za vitendo hupangwa na watu ambao hawakualikwa.

Kibali cha maadili nacho kilikuwa na yake. Kamati ya chuo cha kwanza ilipitisha andiko la utafiti. Kamati ya chuo cha pili ikasema haiwezi kuruhusu wanafunzi wake washiriki bila kulipitia yenyewe, ikataka mabadiliko, na mabadiliko hayo yakabidi yarudishwe kwa kamati ya kwanza. Kibali cha kitaifa cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kikawa kinasubiri andiko moja lililotulia, nasi tulikuwa na matoleo mawili.

Hatimaye tuliamua kuanza na wiki sita tu ambazo ratiba zote tatu zingeweza kukutanishwa kwa kulazimisha kidogo. Famasia walikubali kuwatoa wanafunzi wanne nje ya msimu wao. Sababu ya kutosubiri ratiba nzuri zaidi ilikuwa wazi: fedha za utafiti zilikuwa na tarehe ya mwisho.

Neno moja kwenye fomu ya ridhaa

Fomu iliandikwa kwa Kiingereza na wenzetu wa tiba, ikapelekwa kwa mfasiri wa kulipwa, kamati zikaipitisha. Mimi pia niliisoma na kuipitisha. Sentensi yake kuu ilisema: "Tutakusanya damu yako ili kuipima."

Siku mbili za mwanzo karibu kila mama alikataa. Wanafunzi wakarudi wakisema akina mama wa huku hawapendi utafiti. Muuguzi kiongozi wa leba, mama wa makamo ambaye hakuna aliyemshirikisha tulipokuwa tukiandika andiko, aliomba aione fomu. Akaisoma kimya, kisha akaniuliza, "Mwalimu, wewe ungekubali mtu usiyemjua aje akusanye damu yako?"

Nikaona aibu. Katika nchi ambayo watu wazima bado wanakumbuka hadithi za mumiani, wanyonya damu waliosemekana kuteka watu usiku, tulikuwa tumewaandikia wajawazito kwamba tunakusanya damu. Wala hatukuwa na mpango wa kumtoboa mtu sindano. Muuguzi kiongozi alichukua kalamu akaandika mwenyewe: "Baada ya mtoto kuzaliwa damu hutoka yenyewe. Tutaweka mfuko chini yako ili tuone imetoka kiasi gani, tujue mapema kama imezidi. Ikishapimwa itamwagwa kama kawaida." Tuliwasilisha maneno hayo kwenye kamati kama marekebisho, tukasimama mpaka yakapitishwa, na tulipoanza tena akina mama walikubali bila shida.

Mama mmoja, watu tisa

Wiki ya kwanza baada ya kurudi, kila kitivo kilipeleka kundi lake lote. Asubuhi moja nilihesabu watu tisa ndani ya pazia la mama mmoja anayesukuma, ukimtoa mkunga anayezalisha. Wa udaktari walisimama upande wa kichwa wakisubiri kuitwa. Wa ukunga walikuwa wakifanya kazi. Wa famasia walijibana ukutani na dodoso mkononi. Muuguzi kiongozi aliwatoa wote nje, na alikuwa na haki.

Mchana huo tulikaa naye pamoja na walimu watatu, tukaweka kanuni: kwa mama mmoja, wanafunzi watatu tu, mmoja kutoka kila kitivo, na zamu inafuata mama, haifuati ratiba ya mwalimu. Watatu hao wanapokea pamoja, wanaandika pamoja, na jioni wanaeleza kisa pamoja. Mkunga mwanafunzi ndiye anayeongoza uzazi wa kawaida. Hilo la mwisho lilipingwa na mwalimu mmoja wa tiba aliyehofu wanafunzi wake wangekuwa watazamaji. Tuliliacha hivyo kwa sababu ndivyo kazi inavyofanyika: uzazi wa kawaida katika hospitali zetu huendeshwa na wakunga, na daktari kijana asiyelijua hilo atakuja kugombana nao siku yake ya kwanza ya kazi.

Friji

Hapa ndipo ushirikiano ulipopata maana.

Wiki ya tatu, mwanafunzi wa famasia alimuuliza muuguzi kiongozi, "Sista, oksitosini mnaiweka wapi?" Akajibiwa, "Kwenye friji, mwanangu, njoo uone." Oksitosini hutakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu polepole, na kwa macho huwezi kujua, kichupa kinabaki vilevile. Friji ilikuwa koridoni, safi, imefungwa kwa kufuli. Kipimajoto cha ndani kilisoma nyuzi 4. Msichana yule akakitoa, akakikumbatia kwa viganja vyote viwili kwa muda, akakitazama tena. Nyuzi 4. Akakitumbukiza kwenye kikombe cha chai ya moto ya mlinzi. Nyuzi 4. Karatasi ya kumbukumbu iliyobandikwa mlangoni ilikuwa imejazwa 4, 4, 4 kila siku, na hakuna aliyedanganya: kila mtu aliandika alichokiona.

Aliporudi kwenye timu yake akaeleza. Mwanafunzi wa ukunga akasema kwamba hilo ni nusu ya habari, kwa sababu yeye hufanya zamu za usiku na anajua jambo ambalo asubuhi halionekani. Ufunguo wa friji unabaki na muuguzi kiongozi, ambaye saa tisa na nusu alasiri anakwenda nyumbani. Kwa hiyo wakunga wa usiku huomba watolewe vichupa kabla hajaondoka na kuviweka kwenye trei ya kitoroli, karibu na dirisha linalopigwa na jua la jioni. Visivyotumika hurudishwa asubuhi, na jioni hutolewa tena. Mwanafunzi wa udaktari, aliyekuwa akipitia mafaili, naye akaanza kuangalia saa za matukio. Akina mama waliohitaji dozi ya nyongeza ya oksitosini walionekana kujazana usiku.

Hilo la mafaili si uthibitisho. Usiku wahudumu ni wachache na akina mama wengine hufika wamechelewa. Sababu zinaweza kuwa nyingi. Lakini tazama namna habari ilivyogawanyika: mmoja alijua tabia ya dawa, wa pili alijua safari ya ufunguo, wa tatu alijua mafaili yanasema nini. Nimesimamia tafiti za wanafunzi kwa miaka mingi, na sikumbuki nyingine ambayo kila mwenzi angeondolewa, jibu lingeondoka naye.

Tuseme leo au tusubiri?

Jioni ileile walimu tukavutana. Mwenzetu mmoja alitaka tuendelee kuangalia kimya hadi wiki sita ziishe. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: utafiti ulikuwa wa kuangalia tu, na tukibadili utaratibu katikati, data ya kabla na ya baada haitachanganyika tena. Wa famasia alisema dawa inayoshukiwa kuharibika haiangaliwi, inaondolewa.

Tuliamua kusema siku hiyohiyo, na kusema kwanza kwa muuguzi kiongozi, ana kwa ana, kabla ya barua yoyote kwa mganga mfawidhi. Sababu ya kwanza ni usalama wa akina mama. Huwezi kumwomba mtu ridhaa huku ukijua dawa atakayochomwa inatiliwa shaka. Sababu ya pili ni heshima. Friji ile ilikuwa chini ya dhamana yake, na kama angeisikia kwa bosi wake kwanza, mlango wa leba ungefungwa kwa haki.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ufunguo nilianza kuondoka nao kwa sababu dawa zilikuwa zinaibwa." Hilo hatukulijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza ufunguo wa pili ukabidhiwe kwa mkunga wa zamu kwa kusaini daftari, na vichupa vya usiku viwekwe kwenye kiboksi cha ubaridi. Mganga mfawidhi akanunua kipimajoto kipya ndani ya wiki. Akiba iliyokuwepo ilirudishwa stoo na kubadilishwa. Sisi tukaiarifu kamati ya maadili na kuyagawa matokeo katika vipindi viwili, tukijua kila kipindi sasa ni kifupi mno kwa hitimisho kubwa.

Muhtasari uliotumwa

Miezi michache baadaye niliona kwenye ratiba ya mkutano wa kisayansi muhtasari wenye kisa cha friji. Waandishi wote walikuwa wa kitivo cha tiba. Mwanafunzi wa famasia hakutajwa. Muuguzi kiongozi aliwekwa kwenye shukrani kama "wahudumu wa hospitali". Mimi sikuwemo.

Mwalimu wa famasia alinipigia simu. "Mwalimu, sisi tulikuja kufanya utafiti au tulikuja kubeba mizigo?" Kitivo chake kikaondoa wanafunzi. Walipoomba nakala ya data walitumiwa faili lenye safu zilizoandikwa v1, v2, v3 bila ufafanuzi wowote, kwa sababu maelezo yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja na data ilikuwa kwenye kompyuta yake binafsi.

Nilipozungumza na aliyetuma muhtasari, niligundua hakuwa amekusudia kupora. Tarehe ya mwisho ilikuwa usiku ule. Yeye ndiye mtafiti mkuu kwenye kibali. Kwenye kitivo chake ndivyo walivyozoea. Hati yetu ya makubaliano ilikuwa na kurasa nyingi juu ya "kuimarisha uhusiano", na haikuwa na mstari hata mmoja juu ya nani mwandishi na data inakaa wapi.

Tulikutana kwenye ukumbi wa hospitali, si chuo chochote, mganga mfawidhi akiwa mwenyekiti. Tulianza na vigezo vinne vya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba: kwanza, mchango wa maana katika wazo, ukusanyaji au uchambuzi wa data; pili, kuandika au kuhakiki makala kwa kina; tatu, kuidhinisha toleo la mwisho; na nne, kuwa tayari kuwajibika kwa kazi yote. Tukapitia majina moja moja. Mwanafunzi wa famasia akaingia, kwa sharti ashiriki kuandika. Muuguzi kiongozi tulimwuliza kama angetaka kusoma rasimu na kuwajibika nayo, akakubali, akaingia. Wawili waliokuwemo kwenye muhtasari wa kwanza walitoka. Muhtasari uliondolewa mkutanoni, na mwanafunzi mmoja wa udaktari aliyekuwa amejiandaa kwenda kuuwasilisha alikosa nafasi ile kwa kosa ambalo halikuwa lake. Bado linaniuma.

Matokeo

Makala moja ya pamoja imeandikwa na kutumwa kwenye jarida. Famasia walirudi. Kikao cha jioni cha kueleza kisa kimedumu hata baada ya fedha kuisha, kila Jumatano, kikiongozwa kwa zamu.

Upande wa elimu rasmi hatukufika mbali. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilieleza elimu ya pamoja ya fani mbalimbali kuwa ni wanafunzi wa fani mbili au zaidi kujifunza juu ya wenzao, kutoka kwao na pamoja nao. Leba ilitupa hayo yote, ila mitaala haina pa kuyaandika. Saa ambazo mwanafunzi wa ukunga alitumia na timu hazikuhesabiwa kwenye daftari lake, kwa kuwa aliyesaini alikuwa mwalimu wa famasia. Kila fani ina baraza lake la kitaaluma na matakwa yake, na badiliko la mtaala hupita seneti kabla ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU).

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni swali lenyewe. Lingekuwa swali la fani moja, wengine wangegeuka wakusanyaji wa dodoso, kama ilivyokuwa wiki ya kwanza. Timu ya watatu kwa mama mmoja nayo ilisaidia kuliko warsha zote tulizofanya, kwa sababu ilimlazimisha mwanafunzi kumwuliza mwenzake jambo ambalo yeye hakufundishwa.

Uamuzi wa kusema mapema kuhusu friji naupa uzito mkubwa. Uligharimu utafiti, na ningeurudia. Kasoro yetu ilikuwa kabla ya hapo: andiko halikusema tutafanya nini tukikuta hatari. Kipengele hicho kingekuwepo, tusingebishana usiku huku kitoroli kiko palepale dirishani.

Kushindwa kwetu kukubwa kulikuwa kumwacha nje muuguzi kiongozi. Makosa matatu kati ya haya, fomu, msongamano na ufunguo, yeye alikuwa na jibu lake au sehemu ya jibu tangu siku ya kwanza. Tulimwona kama mwenyeji wa kutupokea. Kwa kuwa mimi ni mkunga, hili silipeleki kwa mwingine.

Kuhusu majina na data, nimesikia watu wakisema tatizo ni tamaa ya madaktari. Sikubaliani. Kanuni isipoandikwa, kila kitivo hufuata mazoea yake, na mazoea ya mwenye kibali na kompyuta ndiyo yanayoshinda. Sasa tuna kurasa mbili zilizosainiwa na walimu wenyewe: nani anaandika nini, nakala ya data na maelezo ya kila safu inakaa kwa vitivo vyote vitatu, na hakuna kinachotumwa popote kabla ya siku saba za kusomwa na wote. Siku saba hizo zimeshatukosesha mkutano mmoja. Hatujazifuta.

Ombi la kutambua saa za pamoja kwenye madaftari ya wanafunzi liko kwenye ofisi tatu tofauti kwa sasa. Friji bado iko koridoni. Mlangoni kuna karatasi mpya ya joto, inajazwa asubuhi na jioni, na namba zake hupanda na kushuka: 5, 3, 6, 4, 7.